Mirashi Iliyonunuliwa kwa Sandarusi

Ukimwambia mtu wa Unguja kwamba Kisarawe kulikuwa na mirashi ya kioo yenye pete za fedha, atatabasamu kwa adabu halafu akuulize kama haikuwa ya kuazima. Nimeulizwa hivyo na watu wazima, wenye elimu zao. Kwao vitu vya namna ile ni vya nyumba za mawe na makasri. Uzaramo ni kuni, mkaa, mihogo na ngoma ya mkole. Mimi ni Mzaramo wa Masaki ya Kisarawe. Nimefundisha historia katika shule za msingi za Kisarawe na Kibaha mpaka nilipostaafu, na sasa naishi Maili Moja, nyuma kidogo ya barabara ya Morogoro. Habari za mirashi ile naziandika kwa sababu wanaozijua tunapungua, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaongezeka.

Kwa kijana ambaye hajauona: mrashi ni chombo cha kunyunyizia marashi. Una tumbo la mviringo, shingo ndefu nyembamba na kichwa kidogo chenye matundu. Unajaza maji ya waridi tumboni, unakaza kichwa kwa hesi zake, kisha unautikisa mbele ya mtu, naye anapokea viganjani na kujipaka usoni na kifuani. Inayouzwa Kariakoo siku hizi ni ya bati lililong'arishwa, nyepesi, na baada ya misimu michache inaanza kumenyeka. Ile ninayoisema mimi ilikuwa na tumbo la kioo cha rangi: buluu, kijani, au nyekundu ya damu ya mzee, lenye maua yaliyochorwa kwa maji ya dhahabu. Shingo, pete, kichwa na kitako vilikuwa vya shaba njano au fedha. Kioo peke yake, bila madini yake, kilikuwa chupa tu.

Bibi mzaa mama alikuwa nao mmoja, mwekundu. Nautaja huo kwa kuwa ndio niliobeba, niliopangusa na kugombezwa kwa ajili yake. Ulikaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, umeviringishwa kipande cha kaniki, na sanduku lile halikufunguliwa ovyo. Ulitoka mfungo sita kwa maulidi, ulitoka siku za arusi, ulitoka kwenye hitima ya mtu mzito. Siku nyingine ulitoka kwenda kuazimwa. Mtu wa Kibuta au Msanga akiwa na shughuli alimtuma binti mkubwa aje na sinia na kitambaa safi. Mtoto wa kiume hakupewa. Bibi alimkabidhi yule binti huku akimwambia maneno yaleyale: usikimbie, usipande baiskeli, na ukifika usiuoshe wewe, niletee hivyohivyo ulivyo.

Katazo hilo la kuosha tulilidhania ni ubahili. Nitalirudia baadaye, maana lina sayansi yake.

Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi vyumba vya mabwana wa Unguja vilivyopambwa. Kuta nene zilikatwa zidaka, na ndani ya zidaka vikapangwa vioo na vyombo vya kaure kwa ulinganifu. Kitu kikipendeza kilinunuliwa, bei haikuwa hoja. Hiyo ni tabia ya nyumba ya mawe. Mgeni akiketi tu, mali ya mwenyeji inamtazama. Nyumba zetu za miti na udongo hazikuwa na zidaka, zilikuwa na panya, moshi na mvua za masika zinazotikisa ukuta. Kwa hiyo chombo kilifichwa, na utajiri wa mwenye nyumba ulionekana kwa idadi ya masinia yaliyokuja kuazima. Ndiyo maana msafiri wa Kizungu aliyepita Uzaramo na daftari lake hakuona kitu cha kioo hata kimoja akaandika. Angeonaje, nani angemfungulia sanduku?

Sasa, mali ya kununulia vitu hivyo ilitoka wapi? Hapa ndipo ninapogombana na wale wanaocheka kwa adabu. Ilitoka ardhini kwetu, nayo inaitwa sandarusi.

Sandarusi ni utomvu wa mti ambao pwani hii huitwa msandarusi au mnangu. Utomvu unaochuruzika leo kwenye gome, wafanyabiashara wa zamani waliuita chakazi na kuudharau. Uliotakiwa ni ule ulioanguka zamani za kale, miti yenyewe ikaoza na kutoweka, utomvu ukabaki umezikwa katika mchanga mwekundu mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Ukiuchimba na kuuosha unakuta ngozi yake imejaa vipele vidogo vidogo, na ndani una rangi ya asali. Ukanda wa nyuma ya pwani, kuanzia Bagamoyo kuteremka Uzaramo hadi Rufiji na Kilwa, ulikuwa na akiba kubwa. Wazaramo walichimba hasa mvua zinapokwisha, udongo ukiwa bado laini. Richard Burton, aliyepita hapa mwaka 1857 akielekea Tanganyika, aliieleza biashara hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1860, na kwa mazoea yake akalalamika kwamba wachimbaji hawashuki chini vya kutosha. Mtu anayechimba kwa jembe la mkono, huku mihogo yake inasubiri kupaliliwa, hana sababu ya kushuka chini zaidi ya pale anapopata.

Mzigo ulibebwa kichwani hadi Bagamoyo, Mbwamaji na bandari nyingine ndogo za pwani, ukapimwa na kununuliwa na Mabaniani, ukavushwa Unguja. Kutoka Unguja sehemu kubwa ilikwenda Marekani, katika mji wa Salem, Massachusetts. Wamarekani walikuwa wametia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa Salem, aliwasili Unguja mwaka 1837. Huko kwao kulikuwa na kiwanda cha kuisafisha sandarusi kwa maji ya magadi na kuiuza kwa watengenezaji wa vanishi. Magari ya farasi, viti, meza na masanduku ya watu wa New England yaling'aa kwa utomvu uliochimbwa Uzaramo. Nilipokuwa nikifundisha jambo hili darasa la sita, wanafunzi walidhani natania.

Kurudi, meli zilileta merikani, baruti, na nyaya nene za shaba ambazo misafara iliziita masango. Ushanga ulitoka Venezia na Bohemia. Burton ameorodhesha nguo, shanga na nyaya alizolazimika kulipa hongo kwa mapazi, yaani machifu, wa Uzaramo ili apite. Orodha ya namna hiyo husomwa kama ushahidi wa uchu wa machifu. Mimi naisoma kama ushahidi kwamba watu wa hapa walikuwa wanunuzi wenye macho makali, wanaojua ushanga upi umepitwa na wakati na upi unatakiwa, na waliokataa mzigo usiowapendeza hata kama mgeni ameubeba kutoka ng'ambo ya bahari.

Katika mkondo huohuo ndimo vilimopita vioo. Kwa simulizi ya ukoo wetu, mrashi mwekundu ulinunuliwa na babu yake bibi, mchimba sandarusi, kwa Mhindi wa Mbwamaji. Bibi hakuwa na hati ya manunuzi. Alikuwa na jina la mnunuzi, jina la mahali na sababu: binti mkubwa wa mzee yule alikuwa anatoka uwali na kuolewa, na mzee hakutaka kwenda kuazima kwa watu wa pwani ambao angelazimika kuwasikiliza wakimsimanga mwaka mzima. Namwamini. Sababu ya namna hiyo haitungwi.

Kioo chekundu cha bei ya kufikika kina historia yake pia. Zamani wekundu mzuri wa kioo ulipatikana kwa kuchanganya dhahabu halisi, na bei yake ilikuwa ya wafalme. Katika miaka ya 1830, Friedrich Egermann wa mji wa Haida huko Bohemia alipata njia ya kukipaka kioo cheupe rangi nyekundu kwa kutumia shaba na kukichoma. Rangi inakaa juu tu, nyembamba mno. Baada yake mafundi wa Bohemia waliweza kuuza wekundu kwa watu wa kawaida, nao walijua wateja wao. Kwa ajili ya soko la Waturuki, Waajemi na Wahindi walitengeneza mirashi, matumbo ya buruma, bilauri na taa zenye maua ya dhahabu ambazo Mzungu mwenyewe asingeweka mezani kwake. Mzigo uliteremka kwa mto Elbe hadi Hamburg, na Hamburg ilikuwa na watu Unguja: nyumba ya biashara ya O'Swald ilifungua ofisi yake huko mwaka 1849. Njia nyingine ilikuwa ya Bombay, ambako wafanyabiashara wa Kihindi walipokea vioo vya Ulaya na kuvisambaza katika bahari yote hii. Mrashi wa bibi una mkwaruzo karibu na kitako, na hapo mkwaruzo ulipopita wekundu umetoka, kioo kinaonekana cheupe kama maji. Ni kazi ya shaba ile ya Egermann.

Kuhusu kioo nimesema ya kutosha. Kioo kilitoka mbali, kilipulizwa na watu wasiotujua, na mrashi mmoja mwekundu unafanana na mwingine. Ninachokipenda mimi ni madini yake, kwa sababu hayo yaliguswa hapa.

Chombo kilipotoka kiwandani kilikuja na kitako, shingo na kichwa cha shaba njano. Shaba na kioo havielewani. Jua likipanda, shaba njano hutanuka karibu mara mbili ya kioo, na fedha hali kadhalika. Usiku zote hunywea. Fundi akibana pete moja kwa moja juu ya kioo, siku moja kioo kitapasuka au pete italegea. Kwa hiyo kati ya viwili huwekwa kitu cha tatu, laini, cha kujazia: jasi iliyokorogwa, au lakiri. Jasi hushika vizuri lakini ina adui mmoja, nayo ni maji. Ukikitumbukiza chombo katika karai la maji mara kwa mara, jasi huyeyuka polepole, huna habari, mpaka siku unaushika mrashi shingoni na tumbo linabaki mezani, au mbaya zaidi, haliko mezani. Ndiyo sababu ya bibi kukataza. Yeye mwenyewe alikisafisha kioo kwa kitambaa chenye unyevu, tena kwa chini tu. Kitako cha shaba alikisugua kwa ukwaju, na sehemu za fedha kwa majivu laini yaliyochekechwa. Kati ya shingo na tumbo hakupitisha hata tone. Hakuwahi kusoma fizikia, ila alifundishwa na mama yake, na mama yake bila shaka alifundishwa na aliyevunja.

Pete ya shingoni ya mrashi ule si ya Bohemia. Ni ya fedha, nzito kuliko inavyohitajika, yenye majani yaliyochongwa kwa mkono kwa namna ya Kihindi, na mshono wa lehemu unaonekana kwa nyuma. Pete ya kwanza ilipasuka, mrashi ukapelekwa kwa sonara Dar es Salaam. Masonara wa Kihindi wa mjini walifanya kazi kwa fedha uliyowaletea. Mteja alikuja na sarafu zake, zikapimwa mbele yake, zikayeyushwa. Sarafu zilikuwa hasa za aina mbili. Kulikuwa na riale ya Mariatereza, ile yenye picha ya malkia wa Austria mwenye kifua kikubwa, ambayo daima huandikwa mwaka 1780 hata ikipigwa miaka mia baadaye. Ina uzito wa gramu 28 na sehemu 833 za fedha katika elfu. Na kulikuwa na rupia, ndogo, yenye gramu 11 na kitu, lakini safi zaidi, sehemu 917. Sonara mmoja mzee aliyenitazamia pete hii aliigonga kwa kucha, akaikwaruza kidogo kwa ndani, akasema ni fedha ya riale: ngumu kidogo, inashika hesi vizuri, ya rupia ingekuwa laini na hesi zingelika. Kwa hiyo shingoni mwa kioo cha Bohemia imekaa fedha ya Habsburg, ukoo wa malkia yule wa Austria, ikachongwa majani na Mhindi, kwa ajili ya Mzaramo.

Kubandika madini juu ya chombo kigeni ni tabia ya dunia nzima, wala si ishara ya ushamba. Katika hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko huko Venezia kuna bakuli la kioo cha feruzi, kazi ya mafundi wa nchi za Kiislamu, lililovalishwa pete za fedha zilizopakwa dhahabu na kupambwa vito kwa kazi ya Bizanti. Wafaransa wa karne ya 18 walichukua vyombo vya kaure vya China wakavitia vitako na mikono ya shaba iliyopakwa dhahabu kwa zebaki, kazi iliyowaua mafundi wengi kwa mvuke wake. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Prague, huko huko Bohemia. Mnamo mwaka 1602 sonara Anton Schweinberger alitengeneza birika kwa ajili ya Kaisari Rudolf wa Pili. Tumbo la birika lile ni nusu ya nazi ya Shelisheli, ile nazi pacha inayookotwa ikielea katika Bahari ya Hindi, nalo limevalishwa fedha yenye dhahabu, viumbe wa baharini wakilibeba. Leo liko katika makumbusho ya Vienna. Kaisari alilipenda kokwa la bahari yetu akalitia fedha. Mchimba sandarusi alikipenda kioo cha nchi ya kaisari, na wajukuu wake wakakitia fedha. Birika limewekwa nyuma ya kioo na taa, mrashi uko chini ya kitanda Masaki. Tofauti nyingine siioni.

Wajerumani walipokuja, walikusanya vitu vya Wazaramo kwa bidii. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na kingine Maneromango miaka michache baadaye, na katika enzi hizo vilisafirishwa Ulaya vinyago vya mwana hiti, fimbo za kichifu, viti na ngoma. Mwana hiti wa Kizaramo yupo katika makumbusho mengi ya huko. Mrashi haukuwashughulisha. Walitafuta Uzaramo usioguswa, na kitu chenye kioo cha kwao ndani yake kiliwaharibia picha. Kwa hiyo historia yetu iliyoandikwa makumbushoni ni ya mbao tupu, nasi wenyewe tumeikubali, tukajiona watu wa mbao. Sina ugomvi na mwana hiti, nilichezewa mkole na mimi. Nasema tu kwamba nyumba iliyokuwa na mwana hiti ilikuwa pia na mrashi, na mwali aliyefundwa kwa kimoja alinyunyiziwa kwa kingine.

Reli ya kati ilianza kujengwa mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam na kufika Morogoro mwaka 1907. Ilipita Pugu, Soga na Ruvu, na maduka ya Wahindi yakafuata stesheni. Kwa upande wa Kibaha wa leo, mirashi mingi niliyoonyeshwa, Soga na Mlandizi, ni ya wakati huo: midogo zaidi, kitako chembamba, maua yaliyopigwa chapa badala ya kuchorwa. Wenyewe wanaiita ya reli. Sandarusi ilikuwa imeanza kushuka thamani, na fedha iliyonunulia hii ilitoka kwenye vibarua na pamba.

Kilichoongeza haja ya mirashi ni maulidi. Uislamu ulikuwa umeshaingia Uzaramo kutoka pwani, lakini ulienea vijijini kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa iliyofuata, na tarika ya Kadiria ilikuwa na mkono mkubwa. Bagamoyo alikuwepo Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, mtu aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa masheikh wakubwa wa pwani nzima. Wazee wetu walikwenda kwa miguu kwenye maulidi yake, wakarudi wakitaka ya kwao yafanane.

Maulidi ya Barzanji yana mahali ambapo habari ya kuzaliwa kwa Mtume inasomwa na watu wote wanasimama. Hapo ndipo chetezo cha udi kinapozungushwa na mrashi unapita. Anayeubeba hachagui. Anaanza safu ya mbele kwa masheikh, lakini anamaliza safu ya mwisho kwa wachunga ng'ombe na watoto, na kila mmoja anapata mtikiso wake. Nimewahi kumwona mzee mmoja mwenye mali akirudisha viganja mara ya pili, na aliyebeba mrashi akampita kama hakumwona. Watu waliongea habari hiyo mwezi mzima. Maji ya waridi yenyewe yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Uajemi na Omani, ambako waridi za Jabal Akhdar huvunwa na kukenekwa kila majira ya kuchanua. Yalikuwa ghali, na matundu madogo ya kichwa cha mrashi yaliwekwa hivyo kwa ubahili wenye heshima.

Kilichoivunja mirashi mingi ni kuhama. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika miaka miwili iliyofuata kaya zilizotawanyika mashambani zilihamishiwa vijijini, nyingi kwa haraka na kwa malori. Sisemi juu ya siasa yake. Nilikuwa mwalimu kijana na nilifurahi kupata wanafunzi karibu na shule. Lakini sanduku la mbao juu ya lori, chini ya vinu na magunia, katika barabara ya Maneromango ya wakati ule, halikufika na kioo kizima. Madini yalifika. Ndiyo maana leo ukiuliza vijijini Kisarawe utaonyeshwa kichwa cha mrashi bila tumbo, pete bila shingo, kitako kilichogeuzwa kifuniko cha kichupa cha wanja. Mama mmoja wa Chole alikuwa na kichwa cha fedha alichokitumia kunyunyizia pilipili ya unga, na alikuwa hajui ni nini mpaka nilipomwambia. Akaendelea kukitumia hivyohivyo, maana matundu yake ni mazuri.

Vipande hivyo ndivyo vinavyotafutwa na vijana wa vyuma chakavu. Mmoja wao, mstaarabu sana, nilimkuta Mlandizi na mizani yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo shaba umeipata wapi?"

"Za majumbani bibi. Kuna mama kaniuzia na kioo chake, kioo nimekitupa, kinaongeza uzito wa bure."

Alikuwa na haki kwa hesabu zake. Upande wa pili wapo wanaotaka kioo kizima kwa ajili ya hoteli na maduka ya vitu vya kale. Hao wanalipa vizuri zaidi lakini wana uharibifu wao: duka moja mjini, jina lake silitaji, lilinunua mrashi wa buluu kutoka Kibaha, likaiondoa pete ya fedha iliyotiwa viraka, likaweka mpya inayong'aa na kuandika kibandiko kwamba ni mrashi wa Unguja. Kiraka kile ndicho kilichokuwa cha Uzaramo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu kinachohamishika kuwa cha kale kama kilitengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kwa mirashi iliyokuja na reli mpaka huo hausaidii kitu. Ningekuwa mimi ndiye mtunga sheria, ningeuliza pia kiliazimwa wapi na nani alikitengeneza kilipovunjika.

Mrashi wa bibi anao kaka yangu Masaki, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba ya maulidi. Mwaka uliopita shingo ililegea, jasi imekwisha. Nilimwambia auweke mpaka nipate fundi wa kukoroga jasi mpya na kuijaza taratibu, kazi ambayo mtu mwingine baadaye anaweza kuifungua bila kudhuru kioo. Yeye alikwenda dukani akanunua gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, akaibana pete kwa mpira wa baiskeli usiku kucha. Gundi ile haifunguki tena. Siku pete ikitaka kutanuka, itakwenda na shingo. Nilimweleza yote hayo, habari za joto, za shaba na kioo, kwa sauti ya darasani, nakiri.

"Dada," akasema, "maulidi ni Alhamisi. Wewe unataka fundi wa mwakani."

Nilikwenda Alhamisi ile. Haukuvuja. Bado nasema alikosea, na nimemwachia nusu mfuko wa jasi kwa siku itakayokuja.